Anayejua Bei na Asiyejua



Zaburi ya 150 inayataja matoazi pamoja na vyombo vingine vya sifa, kwa hiyo si ajabu tukiyaongea humu. Nataka tuitazame jozi moja tu, ile ambayo wapiga drams huiita haihati: sahani mbili za shaba zilizotazamana juu ya fimbo ya chuma. Mguu wa kushoto hukanyaga ili zifumbane, kisha huziachia, na mkono huigonga ile ya juu kwa kijiti. Wengi wetu tumeisikia maisha yetu yote bila kulijua jina lake. Ndiyo sauti ile nyembamba inayowashika wachezaji wa dansi wasipoteze hatua wakati magitaa yanapozunguka.

Chombo hiki kilianza Marekani katika miaka ya 1920, lakini ufundi wa shaba yake ni wa kale. Ukoo wa Zildjian uliufanya Constantinople, ndiyo Istanbul ya leo, tangu karne ya 17, ukaanza kiwanda Marekani mwaka 1929. Shaba yao ni mchanganyiko wa sehemu 80 hivi za shaba nyekundu na 20 za bati. Matoazi yao ya zamani ya Istanbul yalifuliwa kwa nyundo, wala hakuna mawili yaliayo sawasawa. Ndiyo maana watu wanaokusanya vyombo vya zamani huyatafuta sana, na ng'ambo jozi nzuri huuzwa kwa fedha nyingi.

Hapa Dar es Salaam bendi hazikuwa chache. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz mwaka 1971 chini ya vijana wa TANU. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Katika bendi za namna hii mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Muhiddin Gurumo alipotoka Juwata kwenda Mlimani Park, alikwenda na sauti yake tu. Mpiga drams aliyehama hakuwa na hata hiyo ya kuchukua.

Tuseme basi mzee mmoja wa Temeke, mpiga drams wa miaka mingi, ana jozi ya haihati chini ya kitanda. Anakuja kijana kutoka Kinondoni, anaigeuza sahani, anaona mhuri uliogongwa kwenye shaba, na mara moja anajua ni kitu gani. Mzee anataja bei ya gunia la mchele. Je, kijana alipe, ashukuru, aende zake?

Swali hili ni la zamani. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 13 cha maandiko yake juu ya Utatu, anamsimulia mchekeshaji aliyeahidi kuwaambia watu wote wanachokitaka mioyoni. Jibu lake likawa kwamba wote wanataka kununua rahisi na kuuza ghali, nao wakamshangilia. Augustino hakukubali kwamba ni wote. Akamtaja mtu aliyemjua, ambaye aliuziwa kitabu na mtu asiyejua thamani yake, akamlipa bei ya haki, iliyozidi sana ile aliyoombwa.

Wako watakaosema kijana ameipata elimu yake kwa jasho, na kwamba mvuvi haendi sokoni kutangaza mwamba wenye samaki. Hoja hii ina nguvu. Lakini samaki wa baharini hana mwenyewe, na matoazi haya mwenyewe ameketi hapo mkekani. Tena tuangalie kila mmoja anajua nini. Kijana anajua bei. Mzee anajua sahani ipi ikae juu, ufa huanzia wapi, na mguu ukanyage kiasi gani sauti isife. Hayo kijana atayauliza kabla hajaondoka, na mzee atamwonyesha bure mpaka jua lizame, kama yeye alivyoonyeshwa na waliomtangulia. Mmoja atakuwa ametoa yote anayoyajua, na mwingine ameficha neno moja tu, lile lenye fedha.

Sisemi kijana alipe bei ya London. Kuna nauli, kuna ushuru, na kuna hatari ya ufa usioonekana, hizo aziondoe. Huenda hata hana fedha za kutosha. Basi amwambie mzee thamani ilivyo, wapatane kulipa kidogo kidogo, au akubali kuikosa jozi ile. Hapo ndipo penye uchungu, maana huenda akaikosa kweli.

Linabaki jambo gumu zaidi. Yawezekana matoazi yale yalikuwa ya mwajiri, naye mzee akayachukua mshahara ulipokatika. Kama bendi bado ipo, waulizwe kwanza wenyewe. Kama mwajiri alishavunjwa siku nyingi bila kumlipa, mimi simwiti mzee yule mwizi, ingawa najua wako watakaonipinga.

Na mzee naye huenda akawa na sharti lake. Wakusanyaji wengi huweka matoazi kabatini, kwa kuwa tundu la katikati hulika yakipigwa sana na bei ikashuka. Akisema hatauza mpaka aahidiwe kwamba jozi itapigwa, sharti hilo liingie katika mapatano kama shilingi zenyewe.