Vidonge Vitatu vya Piriton

Krismasi iliyopita mpwa wangu, rubani wa ndege ndogo za abiria, alikuja Kidabaga na mafua makali. Huku Kilolo msimu huo ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, na mafua hayamshangazi mtu. Mama yangu, bibi yake, akamfungulia bahasha ya karatasi: vidonge vitatu vya piriton, vidogo, vya njano. Kijana alivipokea kwa mikono miwili, akavitazama, akavirudisha.

"Asante, bibi. Nikinywa hivi, keshokutwa sirushi ndege."

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nao alikuwa amekataa, hata mtogwa, ule mtamu uliogemwa asubuhi ile. Mama akaniuliza kwa Kihehe kama mtoto ameokoka.

Nikamweleza kwamba piriton inaleta usingizi. Marekani, kwa mfano, humtaka rubani asubiri siku 5 tangu kidonge cha mwisho ndipo arudi angani. Siku 5, kwa dawa tunayowapa watoto! Mimi ni mwinjilisti wa Kilutheri kwa miaka 22, na nimehubiri mara nyingi juu ya mwili kuwa hekalu. Nilihubiri kana kwamba hekalu hilo lina muumini mmoja tu. Mwili wa kijana huyu una abiria.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila walimfikiria mgonjwa aliyelala peke yake kitandani. Machi 24, 2015, Andreas Lubitz, rubani msaidizi wa shirika la ndege la Germanwings, aliigongesha ndege kwa makusudi kwenye milima ya Alps, Ufaransa. Walikufa watu 150. Alikuwa ameandikiwa na daktari kwamba asiende kazini siku hiyo. Wapelelezi wakakuta vyeti vya ugonjwa vimechanwa nyumbani kwake. Mauaji yale ni dhambi yake na siyapunguzi uzito. Lakini zile karatasi zilizochanwa haziniachi. Mtu huchana karatasi inayoweza kumnyang'anya kazi.

Huko Marekani, kwa miaka mingi rubani aliyekiri kutumia dawa za sonona alizuiwa kurusha ndege. Mwaka 2010 ndipo baadhi ya dawa hizo zikaruhusiwa, kwa uangalizi mkali. Kabla ya hapo aliyesema kweli alibaki chini, aliyenyamaza akaruka. Sisi kanisani tunamwambia mtu aungame apate kufunguliwa. Akiungama halafu akakosa mkate wa watoto wake, je, kunyamaza kwake tukuite uongo? Nasema ni uongo, maana abiria hana namna ya kuuliza. Ila uongo huo una wazazi wawili, na mmoja ni sisi tunaomdai mtu ukweli kisha tunamfunga kwa ukweli huohuo.

Usiku ule mimi na mpwa wangu tuliota moto jikoni, wengine wamelala.

"Mjomba," akasema, "piriton ni rahisi kuikataa."

Akanyamaza. Akasogeza kuni iliyokuwa inatoa moshi, akaendelea kuishika hata ilipokaa sawa. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala, wala si kwa mafua. Mwezi uliofuata alitakiwa kwenda kwa daktari wa marubani, kupimwa kama kila mwaka, ili cheti chake kiendelee. Nilijua. Mimi ambaye watu huniletea mizigo yao hadi mlangoni, nilimuuliza kama blanketi alilopewa linamtosha.

Akasema linatosha. Alfajiri nilimsindikiza kwenye gari la Iringa.