Darasa la Ramadhani, Siku ya 20: Hotpoti ya Pasaka



Mwaka 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi, sisi tuko ndani ya mfungo. Hapa Kolo jirani yetu Mkristo akatuletea hotpoti ya wali kuku karibu na adhana ya magharibi. Kuku mwenyewe alimleta kwetu asubuhi, kijana wangu akamchinja. Mzee mmoja aliyekuja kufuturu akasema, "Rudisheni. Hiyo ni sikukuu ya watu."

Hoja ya mzee si ya kubuni. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina na siku zao mbili za kucheza, akawafundisha kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa Idi mbili zilizo bora. Sikukuu ni sehemu ya dini. Kwenda kanisani kuimba ufufuko, hapo hapana mjadala: sisi hatuamini kuwa Nabii Isa (a.s.) alisulubiwa. Ukiimba nao usichokiamini, humheshimu jirani, unamdanganya.

Lakini hotpoti je? Swahaba Abu Barza alikuwa na majirani Majusi, waabudu moto, waliokuwa wakimpelekea zawadi siku za sikukuu zao. Aliwaambia watu wa nyumbani kwake wale matunda, vingine warudishe. Tatizo lilikuwa nyama, maana Majusi si Ahlul Kitab. Hata Ibn Taymiyya, mkali kweli kwenye suala hili, hakuona kuwa sikukuu yao inakuzuia kupokea zawadi yao. (Kumwambia "heri ya Pasaka" ni suala lingine, wanachuoni wamegawanyika na leo sitalimaliza.)

Sasa kuna hadithi moja inayotuhusu sisi watu wa Kolo kuliko hiyo. Mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali panapoitwa Buwana. Mtume akauliza: palikuwa na sanamu linaloabudiwa pale zama za ujahilia? Palikuwa na sikukuu yao? Alipojibiwa hapana, akamruhusu atimize nadhiri yake.

Tuchukue maswali hayo tupande nayo Mungomi wa Kolo. Michoro ya mapango yetu iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, na kwenda kuitazama hakuna ubaya. Ila mvua ikichelewa, au mgonjwa akishindikana hospitali, wapo wanaopanda na mbuzi na pombe, na baadhi yao Ijumaa tunasimama nao safu moja. Swala ya kuomba mvua tunayo! Mimi mwenyewe nikiwa kijana nimewahi kushika kamba ya mbuzi huyo. Hakuna aliyeniambia "rudisha". Ya jirani tunaita dini ya watu, ya babu tunaita mila, basi tunanyamaza.

Siku ile tulikula ule wali. Mzee alikula tende na uji tu, na hiyo ni haki yake, sikumlazimisha. Baada ya tarawehe mke wangu akatia maandazi kwenye hotpoti, mtoto akairudisha kwa jirani. Ndipo nikamuuliza mzee kuhusu Mungomi. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ule mwaka wa ukame, mbuzi alitoka kwangu."

Kesho inshaallah tutazungumzia zakatul fitri.