Mita mia za mwisho za Bayi

Katika vibanda umiza vya Kilwa Masoko na Lindi mjini, jioni ni za ligi za Ulaya. Natamani siku moja waonyeshe filamu ya Christchurch, New Zealand, 2 Februari 1974: fainali ya mita 1,500, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi, Mtanzania wa miaka 20, anachomoka tangu bastola ilipolia. Wengi enzi hizo walijificha kundini wakisubiri mzunguko wa mwisho. Yeye hakusubiri mtu. Mita mia za mwisho ndizo ninazozirudia kila mara. John Walker, mwenyeji, anamsogelea hatua kwa hatua, na ingawa matokeo nayajua, moyo bado unanienda mbio. Bayi hakamatiki. Dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia! Walker naye, kwa dakika 3 na sekunde 32.52, aliipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun, lakini akawa wa pili. Wa tatu, Ben Jipcho wa Kenya. Mtoto wa Kilwa Kivinje anayetimua mbio ufukweni maji yakipwa ana haki ya kuziona mbio hizi, na kuambiwa kwamba aliyeongoza ni Mtanzania mwenzake.