JE, NI KUKOSA IMANI?



Hapa Shituru wengine walituuliza: "Mtoto mmemwacha katika kuveze, basi hamuamini maombi?" Alizaliwa kwa miezi saba. Tulisimama nyuma ya kioo, mikono mitupu, hata kumbeba hapana. Tuseme kweli: siku ile hatukuwa na jibu.

Baadaye tuliwaza hivi. Tunaomba mkate kila siku, na bado tunakwenda shambani. Tena mwaka 1978, kule Bogotá katika Kolombia, kuveze zilikuwa chache. Waganga wa hospitali wakawaambia mama wamfunge mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto na maziwa. Mwaka 2021 uchunguzi uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba watoto wadogo wakifungwa hivyo mara tu wakiisha kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo, kuliko kungoja kwanza wapate nguvu.

Kifua hicho nani alikiumba? (Cha baba nacho kinafaa, msicheke!) Anayesema "ombeni tu" anamnyima mtoto kitu alichopewa na Mungu.

Sisi tunaomba tukiwa tumemfunga. Wewe unayetuuliza, njoo jioni na chakula. Wakubwa wake nyumbani hawajala.