Upande wa Juu wa Picha

Swali la kama picha ina upande wake wa juu, au huupata kwa anayeitazama, lilikuwa zamani la wanafalsafa peke yao. Siku hizi humfikia mkazi yeyote wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, aliyeurekodi mlima wa volkano wa Nyiragongo kwa simu iliyosimama wima, kisha akaifungua video hiyo katika kompyuta na kuukuta mlima umelala kiubavu.

Chanzo chake ni hiki: kihisi cha kamera, yaani kibamba kinachopokea mwanga, kimefungwa mahali pamoja ndani ya simu na husoma safu zake kwa mpangilio uleule, simu iwe imesimama au imelazwa. Kinachotambua mkao ni kifaa kingine, kipimamchapuko, ambacho ndani yake mna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoning'inizwa, kinachovutwa na mvutano wa dunia na hivyo kuonyesha chini ni wapi. Kwa kawaida simu haiizungushi picha yenyewe, bali huandika ndani ya faili agizo fupi kwamba atakayeionyesha aizungushe nyuzi 90. Maelezo ya namna hiyo, yanayoihusu picha bila kuwa sehemu ya picha, huitwa metadata. Programu inayoyasoma huusimamisha mlima, na isiyoyasoma huulaza. VLC, programu ya kuchezesha video, ilianza kuzizungusha yenyewe video za simu katika toleo la 2.2, lililotoka mwaka 2015.

Kwa hiyo upande wa juu si sifa ya picha. Ni ushahidi ulioambatishwa nayo, na ushahidi huo una mipaka yake. Mara nyingi huandikwa mara moja tu, kurekodi kunapoanza, hata kama mrekodi ataigeuza simu baadaye. Tena simu ikielekezwa chini kabisa, kwenye ile miamba myeusi ya lava iliyoganda ambayo mitaa mingi ya Goma imejengwa juu yake, mvutano wa dunia hauelekei ukingo wowote wa kioo cha simu, na agizo linaloandikwa huweza kuwa la kubahatisha.

Swali hilohilo lilikwisha kuulizwa kuhusu jicho. Mwanaastronomia Johannes Kepler alionyesha mwaka 1604 kwamba picha inayoingia jichoni huangukia retina, utando ulio nyuma ya jicho, ikiwa imepinduliwa, jambo lililozua swali la namna wanadamu wanavyoiona dunia imesimama. George Berkeley, aliyekuja kuwa askofu nchini Ireland, alijibu mwaka 1709 kwamba juu na chini hufundishwa na mguso na mwendo wa mwili, si na jicho peke yake: chini ni kule ambako miguu inakutana na ardhi. (Berkeley angefungua simu ya leo, angeikuta hoja yake imechongwa kwa silikoni.)

Hata hivyo, jibu hilo halitoshi. Tarehe 22 Mei 2021, lava ya Nyiragongo iliposhuka hadi pembezoni mwa mji wa Goma, ilirekodiwa kwa simu za watu waliokuwa wakikimbia. Na anayeitazama video ya namna hiyo ikiwa imelala hahitaji metadata ili aelewe, kwa kuwa lava hufuata mteremko na chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, haitembei ukutani. Ulimwengu uliomo ndani ya picha ni shahidi wa pili, na huyu hafutiki kwa programu kutojua kusoma.

Kosa zito liko kwingine. Kamera ya mbele ya baadhi ya simu huweza kuhifadhi video kama inavyoonekana katika kioo cha kujitazamia, maandishi ya vibao yakisomeka kinyumenyume. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1768 kwamba mkono wa kulia na taswira yake kiooni hulingana katika kila sehemu, lakini mmoja hauwezi kukaa mahali pa mwingine. Anayesimama Goma akiutazama Nyiragongo, ulio kaskazini, ana ardhi ya Rwanda mkono wake wa kulia. Katika video ya kioo mpaka huo umehamia kushoto. Mtazamaji alaze kichwa begani, asimamishe kompyuta kiubavu, au aliandikie faili agizo lolote la kuzungusha: kila mara mlima utakaposimama wima, Rwanda itakuwa kushoto.