ALIYEPOTEA, MLANGO WA JIRANI NA ULIMI WETU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri, ambaye mbele yake hakuna mtu aliyepotea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, ninajiusia nafsi yangu na ninawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tuzungumze juu ya jambo linalotugusa katika mitaa yetu. Mtu anatoka nyumbani asubuhi, jioni harudi. Siku ya pili jamaa zake wanazunguka hospitali zote na kasho zote. Siku ya tatu polisi wanafika na karatasi kwenye nyumba ya jirani fulani, wanaingia, wanapekua. Hata hawajatoka ndani, na tayari kwenye bomba la maji, sokoni, na msinikasirikie nikisema hata hapa kwenye baraza ya msikiti, hukumu imekwisha kutolewa: ni yeye. Vijana wanaanza kuokota mawe. Mnajua namna inavyoishia.

Qur'ani Tukufu ina sura nzima inayohusu mtu aliyepotea, nayo ni Sura Yusuf. Tumezoea kuisoma kama kisa cha subira na cha ndoto. Leo isomeni tena mkimtazama baba aliyebaki nyumbani. Watoto wake wanamjia usiku wakilia, wanaleta kanzu yenye damu, wanaleta na maelezo: ameliwa na mbwa mwitu. Machozi yapo, kitu cha kuonyesha kipo, maelezo yapo. Sisi tungesema habari imekamilika. Lakini Nabii Yaqub (a.s.) hakuamini. Wafasiri wanaeleza kwamba aliitazama ile kanzu akaona haikuraruka, na mbwa mwitu gani huyo anayemla mtoto akaiacha nguo yake nzima? Na pamoja na kutowaamini, hakusema amemwua fulani. Hakusingizia mtu jambo ambalo hakulijua. Alisema nafsi zao zimewapambia jambo, akashika subira njema, akamwomba Mungu msaada.

Je, subira yake ilikuwa kukaa tu? Hapana. Miaka mingi baadaye, katika aya ya 87, anawaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni la tahassus. Na katika Sura Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anapotukataza kudhaniana vibaya na kuchunguzana, neno ni la tajassus. Herufi moja tu inayatenganisha, h na j. Wanavyuoni wengi wameeleza kwamba tahassus ni kutafuta habari kwa ajili ya kheri, na tajassus ni kuchungulia aibu za watu. Mtu akipotea katika mtaa wetu, la kwanza ni wajibu wetu na la pili ni haramu kwetu. Anayekwenda barabara kwa barabara akiuliza nani alimwona mtoto, anafanya tahassus. Anayesimama kwenye ua akihesabu nani ameingia kwa mjane usiku, kisha anaunganisha na aliyepotea, huyo anafanya tajassus hata kama anasema anasaidia polisi.

Sasa tuje kwenye mlango. Sura Nur, aya ya 27 na 28, imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tutoe salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Inasimuliwa kwamba Sayyidina Umar (r.a.), naye ni Khalifa, usiku mmoja alisikia sauti ndani ya nyumba akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia: Ewe Amiri wa Waumini, mimi nimemwasi Mungu katika jambo moja, wewe katika matatu. Amekataza kuchunguza, nawe umechunguza. Ameamuru nyumba ziingiwe kwa milango yake, nawe umepita ukutani. Ameamuru ruhusa na salamu, nawe hukufanya. Umar akamwacha. Fikirini, mkubwa wa dola nzima amesimamishwa na mtu mwenye kosa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na amekubali.

Sheria ya nchi yetu nayo imeuheshimu mlango. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayaingiliwi wala hayapekuliwi ila kwa namna na masharti yaliyowekwa na sheria. Sheria ya mashtaka ya jinai, ambayo asili yake ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, inakataza upekuzi kuanza kabla ya saa kumi na moja alfajiri au baada ya saa tatu usiku, isipokuwa kwa ruhusa ya hakimu au mtu anapokamatwa katika tendo lenyewe. Najua mtaniambia: Shehe, hayo yameandikwa kitabuni, sisi tunaona mengine. Ni kweli tunaona mengine. Tunaona wanaokuja bila karatasi, na tunaona wanaotoka na redio ya mwenye nyumba. Lakini mtu asiyejua haki yake hawezi hata kuidai. Wakija na mandat, isome au mwite anayejua kusoma. Angalia jina ni la nani na nani ameitia sahihi. Kisha fungua mlango, usitukane, usifiche kitu, na kila kinachochukuliwa kiandikwe kwenye PV mbele ya macho yako. Na sisi majirani, tukiitwa tuje wawili watatu kuwa mashahidi, tusije mia mbili kuwa watazamaji.

Na hapa ndipo wengi tunapokosea: mandat ya upekuzi si hukumu. Maana yake ni kwamba mtu wa parke ameona kuna sababu ya kutafuta kitu mahali fulani. Wanaweza kutafuta kwako kwa sababu aliyepotea aliwahi kupanga chumba hapo, au kwa sababu simu yake iliita mara ya mwisho karibu na hapo. Wanaweza kukosa kitu. Na hata wakipata kitu, bado si mwisho.

Mwenyezi Mungu ameteremsha aya katika Sura Nisaa, kuanzia aya ya 105, na wafasiri wengi wanasimulia sababu yake. Mtu mmoja wa Madina aliiba deraa iliyokuwa ndani ya mfuko wa unga. Mfuko ulikuwa umetoboka, unga ukamwagika njiani. Alipoona atajulikana, akaipeleka deraa kwa Yahudi mmoja aiweke. Watu wakaufuata unga mpaka mlangoni kwa yule Yahudi, wakaikuta deraa ndani. Alama zipo, kitu kimeshikwa ndani ya nyumba. Jamaa wa mwizi, ambao walijiita Waislamu, wakasimama mbele ya Mtume (s.a.w.) kumtetea mtu wao na kumwangamiza yule mwingine. Mwenyezi Mungu akateremsha aya kumtakasa Yahudi asiye na hatia, na akamwonya Mtume wake asiwe mtetezi wa wahaini. Basi ikiwa unga na deraa vilionekana kwa macho na bado mtu alikuwa hana hatia, vipi kuhusu yule ambaye tunamhukumu kwa sababu polisi waliingia kwake na kutoka mikono mitupu?

Ndugu zangu, tuna mfano katika nchi yetu wenyewe. Tarehe 1 Juni 2010, Floribert Chebeya, kiongozi wa shirika la kutetea haki za binadamu La Voix des Sans Voix, alikwenda kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa kwa miadi. Dereva wake Fidèle Bazana alikuwa naye. Kesho yake Chebeya alikutwa amekufa ndani ya gari lake pembezoni mwa mji. Ndani ya gari vilikutwa vitu vya aibu, vilivyopangwa ili watu waseme alikuwa na mwanamke. Na maneno yakaanza. Ilikuwa kanzu ya Yusuf mara ya pili. Kila aliyeyarudia maneno yale bila ujuzi aliibeba ile kanzu yenye damu ya uongo akampelekea mjane na watoto. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila anachosikia, hata kama hakukitunga yeye.

Juni 2011 mahakama ya kijeshi iliwahukumu polisi kwa mauaji hayo, na 2015 rufaa ikapunguza adhabu. Bazana hakuonekana. Kisha Februari 2021 polisi wawili wa zamani waliokimbilia nje ya nchi walisema kwenye redio RFI kwamba walikuwa katika kundi lile, wakaeleza watu hao wawili waliuawa namna gani. Kesi ikafunguliwa tena, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu afisa mmoja kifo na mwingine kifungo cha miaka 12.

Angalieni jambo moja. Katika Sura Yusuf, mke wa mkubwa alipomsingizia Yusuf, aliyesema kanzu itazamwe kama imechanwa mbele au nyuma alikuwa shahidi kutoka katika jamaa ya yule mwanamke mwenyewe. Na katika jambo hili la Kinshasa pia, waliofungua mlango walitoka ndani ya polisi. Uvumi wa mitaani haukuleta kitu. Aliyeleta kitu ni aliyejua akasema. Lakini alisema baada ya karibu miaka kumi na moja, na hiyo ni miaka kumi na moja ya mama wa watu kukaa mlangoni.

Kwa hiyo nikisema tufunge midomo, msinielewe vibaya. Anayedhani na anyamaze. Anayejua haruhusiwi kunyamaza. Sura Baqara, aya ya 283, inasema anayeficha ushahidi moyo wake una dhambi. Kama ulimwona mtu yule siku ile, kama gari lilisimama mbele ya duka lako, kama mdogo wako alirudi nyumbani na simu isiyo yake, hiyo ni amana. Ukiogopa kwenda peke yako, njoo kwa imamu, twende wawili au watatu. Aya ya 135 ya Sura Nisaa imetutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

Ninasema maneno yangu haya na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu.

HOTUBA YA PILI

Alhamdulillahi. Ndugu zangu, limebaki neno dogo juu ya jamaa wa aliyepotea. Fiqhi yetu inamwita mafqud. Mali yake haigawanywi na hasemwi kuwa amekufa mpaka ipatikane yakini au kadhi atoe hukumu. Imepokewa kwamba Sayyidina Umar (r.a.) aliamuru mke wa mafqud angoje miaka minne, kisha akae eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi. Maimamu wamehitilafiana, na mwanamke aliye katika hali hiyo aje aulize, asijibiwe barabarani. Ninalotaka mlishike ni hili: sheria yenyewe imengoja miaka. Basi sisi tusimwendee mama huyo siku ya kumi tukimwuliza atafanya matanga lini, wala tusimwambie mume wake ameoa Kampala. Mpelekeeni unga. Wapelekeni watoto wake shule pamoja na wenu. Baada ya swala ya leo kutakuwa na kikapu mlangoni kwa ajili ya kazi hiyo.

Ee Mola wetu, Wewe uliyemrudisha Yusuf kwa baba yake, warudishe waliopotea walio hai. Waliokufa wafunulie jamaa zao mahali walipo wawazike. Waliodhulumiwa kwa ulimi wetu watakase, na sisi tusamehe. Uilinde nchi hii na watu wake. Amina. Aqimi swala.