Haki ya Punda Aliyeachwa Njiani

Ndugu zetu Waislamu wa Isiolo,

Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 Kenya ilipotewa na mifugo zaidi ya milioni 2. Ng'ombe na mbuzi huliliwa, kwani ni mali. Lakini punda mchukuzi wa maji akidhoofu hufunguliwa kamba akaachwa njiani, na mwenyewe huona amemfanyia hisani!

Sivyo walivyofundisha wanazuoni wetu wa Kishafii. Kumlisha mnyama ni wajibu wa mwenyewe. Akikataa, hulazimishwa alishe au auze. (Kuchinja ni kwa mnyama aliwaye, na punda wa mjini aliharimishwa tangu Khaibar.) Akiwa hana kitu, gharama ni juu ya Baitulmali, na Baitulmali ikiwa tupu, ni juu ya Waislamu wenye uwezo. Basi upungufu wa mfuko wa umma hauiondoi haki ya mnyama. Waihamishia mifukoni mwetu.

Je, tutoe zaka? La. Zaka ina watu wake, aina nane, waliotajwa katika Sura ya Tawba. Ya punda ni sadaka na wakfu.

Huko Lamu, mji wa Waislamu tangu karne nyingi, punda hutibiwa bure tangu 1987 kwa juhudi ya bibi wa Kiingereza, Elisabeth Svendsen, na michango ya watu wa mbali. Twawashukuru, lakini arusi zetu hugharimu kiasi gani?

Twapendekeza kila msikiti uweke sanduku, na mwaminifu mmoja aandike hesabu, majani makavu yanunuliwe kabla ya kiangazi, bei ikingali chini.